Kutoka mtungo hadi mizani: historia ya kuhesabu mavuo Lamu

Katika visiwa vya Lamu, siku zilihesabiwa kabla ya samaki. Wavuvi wa Kiamu na wa Kibajuni walifuata mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo na huhama kila mwaka, hivyo haiwezi kumwambia nahodha lini upepo utageuka. Mwongo ulimwambia. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo hufika mbali. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili hadi Oktoba, mawimbi ya bahari kuu huwarudisha wengi kwenye maji yaliyokingwa kati ya Manda, Pate, Ndau na Kiwayuu. Ndani ya majira hayo palikuwa na hesabu nyingine, ya bamvua na maji mafu, iliyoamua siku za kutega malema na siku za kuingia miambani kwa miguu.

Samaki wenyewe walipimwa kwa jicho na kwa mkono. Samaki wa kula siku hiyo waliuzwa kwa mtungo, na walio wengi kwa kikapu au tenga. Ng'onda na papa wa chumvi waliosafirishwa kwa jahazi walikadiriwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Hesabu ya aina hii ilikuwa na kazi mbili tu, kugawana na kuuza. Pato liligawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Kabla ya kugawana, kila baharia alichukua kitoweo cha nyumbani kwake. Hapakuwa na aliyehitaji kujua jumla ya samaki waliotoka baharini kwa mwaka mzima, kwa hiyo hapakuwa na aliyeijumlisha.

Haja ya jumla hiyo ilitoka nje. Katika miaka ya 1950 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikuwa na shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa baharini, EAMFRO, lenye makao Zanzibar. Mtafiti wake, J. F. C. Morgans, alichunguza mafungu ya kaskazini mwa Kenya, eneo la kina kifupi lililo mbele ya Lamu na Ghuba ya Ungwana, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1959 na 1964. Swali lake lilikuwa kama kuna samaki wa kutosha kwa uvuvi mkubwa zaidi. Mwaka 1965 Mholanzi A. H. J. Prins alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya ubaharia wa Lamu, akieleza vyombo na watu wake kwa undani. Kwa hiyo miaka michache baada ya uhuru palikuwa na maandishi juu ya mafungu ya baharini na maandishi juu ya mabaharia, lakini kilichoteremshwa ufukweni siku kwa siku hakikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo.

Baada ya uhuru kazi hiyo iliangukia Idara ya Uvuvi. Maofisa wake waliandika uzito wa samaki waliopita mbele yao katika vituo vikubwa, na takwimu zikapelekwa Mombasa na Nairobi zikiwa tani kwa kila aina. Mwaka 1979 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, na kati ya 1980 na 1983 meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilipita mara kadhaa katika maji ya Kenya ikipima wingi wa samaki kwa mitambo ya sauti na kwa nyavu za kukokota.

Udhaifu wa takwimu za vituo unaeleweka kirahisi kwa anayejua Lamu. Vijiji vya wavuvi vimetawanyika kutoka Kipungani na Matondoni hadi Faza, Kizingitini, Mkokoni, Kiunga na Ishakani, na safari ya baharini kati ya ncha hizo ni ndefu. Samaki wengine huuzwa humo humo baharini kwa vyombo vya wachuuzi vinavyobeba barafu, kisha hupimwa kwa mara ya kwanza wakiwa wameshafika mji mwingine. Kitoweo hakipandi mizani. Pweza na chaza wanaookotwa miambani na wanawake na watoto mara nyingi hawakuandikwa popote. Takwimu ya kituo, kwa hiyo, ilieleza kilichomfikia karani.

Kamba na mwamba

Mwaka 1979, ule ule wa kuanzishwa kwa KMFRI, ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 250 kati ya Kiwayuu na mpaka wa Somalia. Kwa kuwa ni hifadhi na si mbuga, uvuvi wa asili uliruhusiwa kuendelea ndani yake. Humo ndimo unamovuliwa kamba mawe, zao lililoipa Lamu jina katika biashara ya nje ya samaki wa Kenya. Wapiga mbizi wa Kibajuni wana mbinu yao: pweza hufungwa kwenye ufito na kuingizwa mdomoni mwa pango, na kamba, anayemwogopa pweza kuliko mtu, hutoka na kuingia wavuni.

Kamba ndiye aliyelazimisha hesabu za uangalifu zaidi, kwa kuwa huuzwa kwa uzito na kwa bei kubwa, hata mmoja mmoja. Lakini ni mgumu kumfanyia hesabu ya uzazi. Mayai yakianguliwa, vijana wake huelea baharini miezi kadhaa wakichukuliwa na mikondo kabla ya kutua mwambani. Kamba anayekamatwa Kiunga huenda alizaliwa mbali sana na Kiunga. Kupungua kwake kunaweza kutokana na uvuvi wa pale pale, au na jambo lililotokea mahali pengine miaka iliyotangulia.

Mwaka 1996 shirika la WWF lilianza kufanya kazi Kiunga pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Miaka miwili baadaye joto la bahari la El Niño lilipausha matumbawe katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na ya Kiunga hayakusalimika. Tangu hapo miamba yenyewe ikawa inakaguliwa: matumbawe hai yamebaki kiasi gani, samaki gani wanaonekana na wa ukubwa gani. Sasa samaki wa miambani walikuwa wakihesabiwa wakiwa bado majini.

Kuhesabu kwa kuchagua

Karne mpya ilibadilisha njia. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya la kukokotwa ufukweni na bunduki za mikuki. Mwaka 2004 ikafanyika sensa ya uvuvi katika pwani yote ya Kenya, iliyoorodhesha bandari, wavuvi, vyombo na zana, na baadaye ikarudiwa kila baada ya miaka michache. Katika muongo wa 2010 sensa hizo zilikuta wavuvi wadogo takriban 13,000 kutoka Vanga hadi Kiunga. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU, na kazi ya kuandika mavuo ikaanza kushuka kutoka kwa ofisa hadi kwa mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 iliendeleza mpango huo.

Juu ya sensa hujengwa uchunguzi wa mavuo. Mwandishi wa mavuo hawezi kupima kila chombo, kwa hiyo huchagua bandari chache, siku chache za mwezi, na siku hiyo vyombo vichache vya kila zana. Kwa kila chombo huandika idadi ya watu, saa walizokaa baharini, aina za samaki, uzito, urefu wa baadhi yao na bei. Kisha hesabu hukuzwa. Chukua mfano wa kubuni: mashua za jarife zilizopimwa zimepata wastani wa kilo 40 kwa siku, sensa inaonyesha mashua 30 za namna hiyo, na kila moja imetoka siku 18 kwa mwezi. Makadirio ya mwezi ni kilo 21,600. Kosa dogo katika idadi ya mashua au ya siku huikuza au huipunguza jumla yote, ndiyo maana sensa iliyochakaa huharibu hata upimaji wa makini.

Historia ya Lamu yenyewe inaonyesha kwa nini idadi ya vyombo na ya siku ni muhimu kama uzito. Baada ya utekaji nyara wa wageni mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, vizuizi vya usalama viliwekwa, ikiwemo marufuku ya kuvua usiku iliyodumu kwa miaka. Katika mfano ule ule, zikitoka mashua 15 badala ya 30, na kila moja ikapata kilo 50 kwa siku, jumla ya mwezi hushuka hadi kilo 13,500. Anayesoma jumla peke yake atasema samaki wamepungua. Anayesoma mavuo ya kila chombo kwa siku ataona kwamba waliopungua ni wavuvi.

Uvuvi wa burudani, unaofanywa na wageni kutoka Shela na Manda wakitafuta sulisuli na nguru, una ugumu wake. Wavuvi hawa hawashuki katika bandari za kijiji, na kumbukumbu zao hutegemea kadi wanazojaza wenyewe. Mtu aliyepata sulisuli hukumbuka kuandika, aliyerudi mikono mitupu husahau, na wastani hupanda bila sababu. Wengi wao huwarudisha sulisuli baharini wakiwa wamewekwa alama, kazi inayoratibiwa nchini na Wakfu wa African Billfish ulioko Watamu. Samaki mwenye alama akinaswa tena, hueleza alikosafiri na muda aliochukua, habari ambayo mizani haina.

Hesabu ya wavuvi iligeuka kuwa ushahidi mahakamani. Machi 2012 ulizinduliwa ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET, katika Ghuba ya Manda. Uchimbaji wa kina ulipita katika maeneo ya kuvulia, na wakazi wakafungua kesi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Zikigawiwa sawasawa, ni takriban shilingi 380,000 kwa mtu. Orodha ya nani ni mvuvi, anavua wapi na kwa zana gani, iliyokuwa karatasi ya takwimu, ikawa hati ya haki.

Kupandikiza au kupumzisha

Mahali pengine hesabu za mavuo zilizaliwa kutokana na swali jingine: je, samaki waliopandikizwa wanaongeza mavuo? Kenya ina historia ndefu ya kupandikiza katika maji baridi. Trauti waliletwa kwenye mito ya milimani mwaka 1905 kwa ajili ya wavuvi wa ndoana, na sangara akaingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Takwimu za mavuo ndizo zilizoonyesha sangara alivyolijaza ziwa katika miaka ya 1980, huku furu wa asili wakitoweka.

Baharini jibu lilikuwa tofauti. Huko Flødevigen, Norway, kituo kilichoanzishwa katika miaka ya 1880 kilitotoa na kuachilia vifaranga vya chewa wa kaskazini hadi mwaka 1971. Ili kupima faida yake, watafiti walianza mwaka 1919 kukokota wavu katika sehemu zile zile za pwani kila mwaka na kuhesabu samaki wadogo. Faida ya wazi haikuonekana. Uachiliaji ukasimama, lakini wavu huo unaendelea kukokotwa, na mfululizo wake ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za samaki wa pwani duniani.

Lamu haikufuata njia ya kupandikiza. Katika kisiwa cha Pate, jamii zimejaribu kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Mfano ulitoka Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ambako mwamba wa kwanza ulifungwa Novemba 2004. Pweza wa miambani anafaa kwa jaribio hili: hukua haraka, huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake. Kila mwezi anaoachwa humwongezea uzito, lakini akiachwa mno hufa bila kuvuliwa.

Tathmini ya ufungaji wa miamba uliofanywa mara 36 Madagaska, iliyochapishwa mwaka 2015, inaonyesha namna ya kusoma matokeo. Katika siku 30 baada ya kufunguliwa, jumla ya pweza iliongezeka zaidi ya mara saba ikilinganishwa na siku 30 za kabla ya kufungwa. Mavuo ya kila mvuvi kwa siku hayakufika hata maradufu, yaliongezeka kwa asilimia 87. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu: siku ya kufungua huvuta umati.

Kwa hiyo mwamba wa Pate unahitaji hesabu tatu ili kujulikana kama mapumziko yamefaa: mavuo ya kabla ya kufungwa, mavuo ya mwamba jirani usiofungwa katika bamvua zile zile, na idadi ya watu walioingia siku ya kufungua. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kwa wepesi, kwa sababu wengi wa watu hao ni wanawake waendao kwa miguu, bila chombo cha kuorodheshwa katika sensa, na pweza wa kwanza wanaotoka mwambani huenda moja kwa moja kuwa kitoweo.