August Wilson aliacha shule, hakuacha kusoma

Wasee, kila nikisema niliacha chuo mwaka wa pili, lazima mtu aniletee mambo ya Bill Gates. Tafadhali. Babake Gates alikuwa wakili. Leo mimi nawaletea August Wilson.

Alizaliwa 1945 huko Pittsburgh, Marekani, mtaa wa Hill District. Mamake alikuwa akisafisha nyumba za watu. Akiwa na miaka 15, mwalimu alikataa kuamini kwamba insha yake kuhusu Napoleon aliiandika mwenyewe. Jamaa akatoka, hakurudi.

Wengi hukatia stori hapo. Lakini cheki alienda wapi. Alimficha mamake, akawa anatoka asubuhi kama mtu wa shule, kumbe anaingia maktaba ya Carnegie kusoma. Miaka baadaye, maktaba hiyo ndiyo ilimpa diploma.

1965 alinunua taipureta ya dola 20. Tamthilia yake ya kwanza kufika Broadway, Ma Rainey's Black Bottom, ilifika 1984. Piga hesabu: miaka 19, katikati ni vibarua vya jikoni na kuandika.

Mwishowe aliacha tamthilia 10 kuhusu maisha ya watu weusi, moja kwa kila mwongo wa karne ya 20. Alishinda Pulitzer mbili: Fences mwaka 1987, The Piano Lesson mwaka 1990. Hollywood walipotaka Fences, akasema muongozaji lazima awe mtu mweusi. Filamu ikakwama. Wilson akafariki 2005. Ilipotoka 2016, aliyeiongoza ni Denzel Washington, kwa skripti ya Wilson mwenyewe. Ikateuliwa kuwania Oscar, mwenyewe akiwa kaburini miaka 11.

Sasa niseme ukweli wangu. Sikuacha chuo kwa sababu nina akili kushinda walimu. Karo iliisha. Kilichoniuma baadaye si karo, ni kwamba nilikaa mwaka mzima bila kumaliza hata kitabu kimoja. Simu tu, mpaka saa nane usiku. Halafu mama akiuliza nitarudi lini, namjibu kwa hasira, ati hata matajiri waliacha shule.

Wilson pia alimdanganya mamake. Tofauti ni kwamba yeye, akidanganya, alikuwa anasoma.

Mama, najua unasomanga hizi posti. Pole. Jumatatu naenda maktaba, na safari hii si uongo.