Kamshafti: Programu Iliyochongwa Kwenye Chuma

Toyota nyingi zinazopita katika barabara za Nairobi zina herufi VVT-i juu ya injini. Wengi wetu tunaziona kila tunapopima oili, kisha tunafunga boneti bila kuuliza maana yake. Kwa ufupi, kompyuta ya gari inabadilisha wakati wa vali kufunguka na kufunga kulingana na kasi ya injini. Nilipotaka kujua watu walifanyaje kabla ya kompyuta hiyo, nikajikuta nimezama Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, kwenye yale wanayoyaita magari ya misuli. Huko swali lote lilijibiwa mara moja tu, siku ya kufunga injini, na jibu lilikuwa kipande cha chuma.

Kipande hicho ni kamshafti. Ni fimbo ndefu yenye nundu. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinasukuma mkono, na mkono unafungua vali. Sisi tunaoandika programu tunaweza kuielewa hivi: kamshafti ni programu iliyoandikwa kwa mashine ya kusaga chuma. Ikishatoka kiwandani hubadilishi hata mstari mmoja. Ukikosea, unanunua nyingine na kufungua injini upya.

Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila vali inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Hebu jaribu kupiga meza mara 50 kwa sekunde moja! Sasa, urefu wa nundu unaamua vali ifunguke kiasi gani, na upana wake unaamua ikae wazi muda gani. Muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa kranki.

Taabu yote inatokana na jambo moja: hewa ina uzito. Ikishashika mwendo haitaki kusimama. Injini ikienda kasi, ni faida kuiacha vali ya kuingiza hewa wazi hata baada ya pistoni kuanza kupanda, maana hewa bado inajisukuma ndani. Lakini injini ikienda polepole hewa haina mwendo huo, na pistoni inairudisha ilikotoka. Tena kuna kipindi ambacho vali ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja. Kwa kasi kubwa hilo linasaidia, kwa kasi ndogo moshi unarudi upande wa kabureta. Injini inatetemeka, inanguruma kwa kurukaruka. Mlio ule ambao mashabiki wanaulipia pesa nyingi ni mlio wa injini inayopumua vibaya. Sisemi si mtamu.

Kwa hiyo unachagua: nguvu chini au nguvu juu. Huwezi kupata zote kwa nundu zilezile.

Chevrolet walitoa V8 yao ndogo mwaka 1955, ikiwa na inchi za ujazo 265, karibu lita 4.3. Ilikuwa nyepesi na ilipenda kuzunguka. Kwenye kampuni hiyo alikuwapo mhandisi aliyeajiriwa mwaka 1953, Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels mwaka 1909 kwa wazazi Warusi, aliyesoma Berlin na kukimbilia Marekani wakati wa vita. Huyu hakuwa mtu wa ofisini tu. Aliendesha mashindano ya Le Mans mwenyewe. Alichora kamshafti yake, akaifunga kwenye Corvette, na msimu wa baridi wa 1955 kuingia 1956 akaipeleka kwenye mchanga wa Daytona Beach. Gari likapita maili 150 kwa saa, kama kilomita 241. Mwaka 1956 kamshafti ya aina hiyo ikaanza kuuzwa kama nyongeza kwa mnunuzi wa Corvette. Mwaka 1957 injini ikaongezwa hadi inchi 283, na ikiwa na sindano za mafuta badala ya kabureta ilitangazwa kutoa nguvu za farasi 283. Farasi mmoja kwa kila inchi ya ujazo! Tarakimu mbili zinazolingana ni tangazo tamu, na Chevrolet walilitumia vilivyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1965. Mtu aliyeingia dukani kununua Corvette mwaka huo alikuta injini mbili za kabureta zilizofanana karibu kwa kila kitu. Zote zilikuwa na inchi 327, zote na mgandamizo wa 11 kwa 1. Tofauti kubwa ilikuwa kamshafti na tapeti zake.

Ya kwanza, L76, ilitumia kamshafti iliyopewa jina la utani 30-30, kwa sababu nafasi ya kurekebisha vali ilikuwa inchi 0.030 upande wa kuingiza na 0.030 upande wa kutoa. Tapeti zake zilikuwa chuma kitupu. Zinagonga kama cherehani na fundi lazima azirekebishe mara kwa mara. Ilitangazwa farasi 365 kwenye mizunguko 6,200. Ya pili, L79, ilitumia tapeti za haidroliki, ambazo oili iliyo ndani inaziba nafasi hiyo yenyewe. Hakuna kelele, hakuna kurekebisha. Ilitangazwa farasi 350 kwenye 5,800.

Ukisoma namba moja tu, L76 imeshinda kwa farasi 15. Soma sasa nguvu ya kuzungusha magurudumu: L79 ilitoa pauni-futi 360 kwenye mizunguko 3,600, na L76 ikatoa 350 kwenye 4,000. Maana yake ni kwamba kwenye mizunguko ambako dereva wa kawaida anaishi, kutoka taa hadi taa, injini yenye farasi wachache ndiyo iliyokuwa na msukumo zaidi. L76 iliishia mwaka huohuo wa 1965. L79 iliendelea hadi 1968, tena ikafungwa hata kwenye Chevelle na Chevy II. Kweli, waliotaka nguvu nyingi walikuwa wameanza kuhamia injini kubwa za inchi 396 na 427, kwa hiyo si kamshafti peke yake iliyoiua L76. Hata hivyo, ningekuwa mnunuzi ningechukua L79 bila kufikiri mara mbili.

Basi 30-30 ilikuwa mbaya? Hapana. Mwaka 1967 Chevrolet walitaka kuingiza Camaro kwenye mashindano ya Trans-Am, ambayo yaliweka kikomo cha inchi 305, yaani lita 5. Wakatengeneza injini ya inchi 302 kwa ajili ya Camaro Z/28 na kuifunga 30-30 ileile. Gari lilikuja kwa gia nne za mkono, na gia ya ekseli ya nyuma ilikuwa 3.73, kwa hiyo injini ilikaa juu muda wote. Mark Donohue, akiendesha kwa timu ya Roger Penske, akailetea Chevrolet ubingwa mwaka 1968 na 1969. Mjini gari hilo lilikuwa adhabu. Uwanjani lilikuwa nyumbani.

Vijana walioliona likishinda Jumapili walitaka kamshafti hiyohiyo Jumatatu, na hapo ndipo pesa nyingi zilipopotea. Wasagaji wa kamshafti, wengi wao California, walikuwa wakipigana kwa matangazo kwenye jarida la Hot Rod: Ed Iskenderian, Racer Brown, Crower na wengine. Kila mmoja alitaja digrii nyingi kumshinda mwenzake. Tatizo ni kwamba hawakuanza kuhesabu mahali pamoja. Mmoja alihesabu tangu tapeti inapotikisika tu, mwingine ilipokuwa imeshainuka kidogo. Sisi tunaijua vita hiyo, ndiyo ileile ya kupima kasi ya kompyuta kwa kipimo ulichojitungia. Harvey Crane wa Florida ndiye anayetajwa zaidi kwa kusukuma kipimo cha pamoja: anza kuhesabu tapeti ikiinuka inchi 0.050, maliza ikirudi hapohapo. Kwa hesabu za zamani 30-30 ina digrii 346, zinazotisha. Kwa kipimo cha 0.050 ni 254. Ya L79 ni 222. Sasa unaweza kulinganisha.

Kipimo hicho nacho hakitoshi. Digrii 254 kwenye injini ya inchi 302 ni kichaa, lakini zilezile kwenye injini kubwa zaidi zinatulia, kwa sababu silinda kubwa inahitaji muda zaidi kujaa. Kamshafti pana inahitaji mgandamizo mkubwa, kwa kuwa vali inayochelewa kufunga inapoteza sehemu ya mgandamizo huo. Inahitaji gia fupi nyuma. Na kama gari lina breki zinazosaidiwa na mvuto wa hewa ya injini, mvuto ukipungua kanyagio linakuwa gumu, jambo ambalo hutaki kuligundua kwenye mteremko.

Enzi hiyo ilifungwa haraka. Injini ya LT-1 ya inchi 350 ilitangazwa farasi 370 kwenye Corvette ya 1970. Mwaka 1971 mgandamizo ukashushwa ili injini ikubali petroli isiyo na risasi nyingi, zikawa 330. Mwaka 1972 zikawa 255. Sehemu ya anguko hilo la mwisho ilikuwa karatasi tu, maana namba zilianza kupimwa injini ikiwa imevaa ekzosi na vifaa vyake vyote kama ilivyo ndani ya gari.

Anayechagua kamshafti ya injini hizo leo ana adui ambaye Duntov hakumjua: oili. Tapeti ya zamani ni bapa na inasugua nundu moja kwa moja. Nundu husagwa kwa mshazari mdogo sana ili tapeti izunguke kila inapoinuliwa, na kinachozuia chuma kula chuma ni kiungo chenye zinki na fosforasi ndani ya oili. Mwaka 2004 kiwango kipya cha oili, API SM, kilipunguza fosforasi hadi asilimia 0.08 kwa oili nyepesi zinazotumika zaidi, ili kulinda vichujio vya moshi. Magari mapya hayakujali, kwani tapeti zao nyingi zilikuwa na magurudumu. Chevrolet wenyewe walianza kuyaweka kwenye V8 yao ndogo ya magari ya abiria mwaka 1987. Wenye injini za zamani ndio walioona nundu zimelika, na vumbi la chuma likasambaa injini nzima.

Ndiyo maana injini yenye kamshafti mpya ya tapeti bapa hujazwa oili yenye zinki ya kutosha, na ikiwaka tu haiachwi ingurume polepole. Inashikiliwa juu ya mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hivi, kwa sababu nundu hulainishwa hasa na oili inayorushwa na kranki. Kranki ikienda polepole, oili haifiki.

Honda walilimaliza lile swali la 1965 mwaka 1989, walipotoa VTEC kwenye Integra. Kamshafti moja ina nundu za aina mbili, za upole na za kasi. Injini ikipanda, oili inasukuma pini na vali zinaanza kuifuata nundu ya kasi. Yaani L79 na L76 ndani ya boneti moja. VVT-i ya Toyota ilifuata mwaka 1995 kwa njia nyingine: nundu ni zilezile, ila shinikizo la oili linaizungusha kamshafti mbele au nyuma kidogo. Kwa hiyo ukipima oili ya Toyota yako wiki hii, unapima kile kinachoisogeza kamshafti yenyewe.