Gari Kuvuta Upande

Gari linavuta pale linapoiacha njia yake na kwenda kushoto au kulia bila dereva kugeuza usukani. Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hali hii haina mzaha. Kwenye mitaa ya Lumumba na Uhuru, bodaboda, mikokoteni na wenye mizigo kichwani hupita karibu kabisa na vioo vya magari, na breki ya ghafla ikilipeleka gari nusu mita pembeni, kuna mtu hapo.

Swali la kwanza ni lini linavuta. Kwa linalovuta muda wote, anza na upepo wa matairi. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye magari yaliyotumika Japani huandikwa kilopaskali, ilhali geji za wajaza upepo wengi husoma pauni. 230 ya kibandiko ni kama pauni 33. Kisha matairi ya mbele yabadilishane pande: uvutaji ukihama, kosa ni la tairi. Barabara nayo ihesabiwe, kwani huinamishwa kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunaoendesha kushoto huteremshwa kidogo upande huo.

Linalovuta kwenye breki tu hukimbilia upande ambao breki yake inashika vizuri. Kwa hiyo likienda kulia, fungua kushoto: pedi iliyolowa mafuta, pistoni ya kalipa iliyokwama, au mpira wa breki ulioziba kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Kalipa iliyoganda ikiwa imeshika ni kinyume chake. Hiyo huvuta upande wake hata mguu ukiwa umeachia pedali, na baada ya mwendo mfupi rimu yake huwa ya moto kuliko mwenzake.

Kukanyaga mafuta kuna mambo yake. Vitz, IST na Passo nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kila bushi ya mkono wa chini iliyolegea huonekana papo hapo: nguvu ya injini husukuma gurudumu mbele, breki hulirudisha nyuma, na uelekeo wake hubadilika kila mara. Gari likivuta huku kwenye mafuta na kule kwenye breki, bushi ndiyo ishukiwe kabla ya kitu kingine. Fundi huingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, akasukuma. Mpira uliochanika huachia wazi.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari hupelekwa moja kwa moja kwenye alaimenti, wakati mashine yake hupima gari likiwa limesimama, na bushi mbovu huachia inapobeba nguvu. Vipimo vitatoka safi na gari litaendelea kuvuta. Bushi kwanza, alaimenti baadaye. Pedi nazo zinunuliwe za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, hata kama muuza spea yuko tayari kukugawia za upande mmoja, kwa sababu pedi mpya na kuukuu hazishiki sawa.