Manesi wa Vita Wasio na Picha Wala Majina: Iringa na Mbeya Zina Stori Yao

Ukitaja nesi wa vitani, wengi humwona dada wa Kizungu mwenye gauni jeupe na msalaba mwekundu. Hao walikuwepo kweli, ila ni nusu ya stori. Nusu nyingine ilipita Nyanda za Juu Kusini kwa miguu, tena bila sare.

Chukua Boma la pale Iringa mjini. Tangu 2016 ni makumbusho, na wageni hupiga selfi mlangoni. Kumbe Wajerumani walilijenga kama hospitali ya jeshi!

Vita Kuu ya Kwanza ilifika huku mwaka 1916. Mwezi Mei, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, likaiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Mji wa Mbeya wenyewe haukuwepo bado. Likapanda kupitia Njombe, na Agosti likaingia Iringa.

Risasi zilitisha, lakini malaria, kuhara damu na funza viliangusha watu wengi zaidi. Walioumia kuliko wote ni wapagazi wa pande zote mbili: walikufa kwa makumi ya maelfu.

Sasa nani aliuguza watu wote hao? Madaktari walikuwa wachache mno. Upande wa Wajerumani, wake wa askari waliandamana na msafara wakiwa na watoto. Walipika, walibeba vyombo, na mume akiugua njiani, mkewe ndiye aliyekuwa karibu. Mamia ya wanawake walikuwa bado kwenye msafara huo Novemba 1918, jeshi la Lettow-Vorbeck liliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala, Zambia. Majenerali wana vitabu vyao. Wanawake hao, karibu wote, hata jina hawana.

Dawa nazo ziliadimika, maana meli za Waingereza zilifunga pwani. Bendeji zikatengenezwa kwa magome ya miti. Magome ya mkwinini yakachemshwa kupata dawa chungu ya malaria, ambayo Wajerumani waliitania kuwa ni pombe ya Lettow.

Basi makumbusho yakitaka kuzipa kabati zake sura mpya, vitu vya kutafuta ndivyo hivyo: kipande cha gome, kibuyu cha maji, pini ya kutolea funza. Having'ai kama bunduki, ndiyo maana vinatupwa kirahisi. Na kibao kiseme kweli: "kifaa cha aina hii kilitumika." Kumbandika mtu jina la kubuni ili maonyesho yapendeze ni kumfuta mara ya pili.

Huko Tukuyu, Njombe na Kalenga wapo bibi waliosimuliwa mambo haya na bibi zao. Mjukuu mwenye simu anaweza kumrekodi wa kwake wikiendi hii, kabla pini haijaenda na takataka. Je, kwenu kuna kitu kama hicho?