Amonia sugu katika tangi jipya la samaki
Amonia mara nyingi hukataa kushuka katika tangi jipya la maji baridi. Hutoka kwenye matamvua ya samaki na chakula kinachooza. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye chujio.

Hatari yake hutegemea uchachu (pH) na joto la maji. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hupita asilimia 5. Ndiyo maana samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, waliozoea maji ya pH 8 hivi, wanastahili uangalifu mkubwa kuliko samaki wengi wa dukani. Joto la pwani, kama la Olumbi, Cabo Delgado nchini Msumbiji, huzidisha sumu hiyo.

Kisababishi cha kawaida ni samaki wengi kuingizwa mapema na kulishwa kupita kiasi. Kingine ni kuosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, kosa linaloweza kuua bakteria waliokwisha kuota. Sifongo ya chujio isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe. Chakula kipunguzwe, na robo hadi nusu ya maji ibadilishwe kila kipimo cha amonia kinapopanda.