Kushusha injini

Ukitaka kuifufua Land Rover Series III, gari la 1971 hadi 1985, uani kwako Vigwaza, fundi atasema: “Mzee, tushushe injini.” Kisha anaifunga mnyororo na kuivuta juu! Kichekesho zaidi ni gia boksi: kwenye gari hili sakafu hung'olewa, gia boksi ikapandishwa kupitia ndani ya kabini. Nayo “imeshushwa”.

Fundi hakosei. Kushusha huku hakujali juu wala chini. Ni kutoka garini, kama abiria washukavyo, au lori lililozidisha uzito linapoamriwa kushusha mzigo pale mizani ya Vigwaza. Kurudisha injini, basi, ni kuipandisha, hata ikiteremshwa taratibu kwenye chesisi. Difu yenyewe hushuka kwelikweli, na oili yake nyeusi.