Seva ya Akiba na Watoa Huduma Wadogo wa Intaneti Jijini Dar es Salaam

Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Dar es Salaam na nje ya nchi yalitegemea zaidi setilaiti zilizo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake vilitumia kama nusu sekunde njiani, kwa gharama kubwa. Kwa mtoa huduma mdogo wa katikati ya jiji au Kariakoo, seva iliyohifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, kwa programu huria kama Squid, ilikuwa njia ya kubana matumizi.

Hata hivyo, kuongeza diski pekee hakukutosha. Squid huweka faharasa ya akiba yake katika kumbukumbu, takribani megabaiti 10 au zaidi kwa kila gigabaiti 1 ya diski. Kumbukumbu isipoongezwa kwa uwiano huo, seva hulemewa na akiba hugeuka kikwazo.

Mkongo ulipunguza thamani ya akiba hiyo, na kuenea kwa kurasa zilizosimbwa kukaiondoa kwa sehemu kubwa. Kigezo kimoja hakikubadilika: umeme. Migawo ya 2006 na 2011 ilidhihirisha kwamba seva isiyo na betri wala jenereta haifai, iwe inategemea setilaiti au mkongo.

Kwa hiyo, mkongo uliondoa kikwazo cha zamani, lakini ulipunguza pia thamani ya ujuzi uliomwezesha mtoa huduma mdogo kufidia uhaba wa mtaji.